Santuri ya Nassor na Nafasi za Kujibu

Kaka yangu Nassor aliingia nyumbani siku ya tatu ya matanga ya mama yetu, wakati sinia za biriani ya khitma zinarudi jikoni na wanaume waliokaa sabla, chumba cha wageni wa kiume, wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Maiti kwetu haingojei ndege ya kutoka Uswidi. Nilimkumbatia ukumbini, nikaona mvi zimemjaa kidevuni, na nikajiweka tayari kwa maswali ambayo kila aliyechelewa mazishi huyauliza: aliondoka vipi, alisema nini mwisho, kaburi liko upande gani. Hakuuliza hata moja. Alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Raya, ile redio yako ya kaseti ipo bado?" Nilikasirika, sifichi. Siku tatu nimepokea watu, nimelia na kila anayelia, na huyu anakuja kuniuliza redio. Nikamwambia ipo, iko juu ya kabati la mama pale pale ilipokuwa, na kama ana nguvu za kutafuta redio basi ana nguvu za kukunja mikeka. Akaenda kukunja mikeka. Nilikuwa nimeshaingia jikoni kusimamia masufuria ndipo nikafahamu anaitaka redio kwa ajili ya nini.

Wenzangu wa rika langu wakikaa kuhadithiana ujana wao, kila mmoja ana mwaka wake: huyu mwaka wa harusi, yule mwaka aliozaa. Wangu ni ule mwaka wa mwisho wa karne, tulipohamia Al Amerat, nje ya Maskati, nami nina miaka kumi na tisa. Siku hizo ukisema unakaa Al Amerat, watu wa Ruwi walikuhurumia kama mtu aliyefukuzwa mjini. Nyumba yetu ilinuka rangi na saruji mbichi, mpaka chai ikawa na ladha ya saruji. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi, katika nyumba ya vyumba vitano, na tulizungumza kwa kuitana kutoka chumba hadi chumba. Chumba kizuri kuliko vyote, chenye dirisha linalotazama milima, hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha Nassor. Mama alimnunulia kitanda kipya na godoro jipya, na godoro akakataza lisivuliwe nailoni yake. "Atalivua mwenyewe akija," alisema. Mchana, akishasali adhuhuri, alikwenda kujinyoosha pale juu ya nailoni, na mimi chumba cha pili niliisikia ikilia kila anapogeuka. Mpaka leo nikisikia nailoni ikilia, hata ya mfuko wa mkate, roho yangu husimama kidogo.

Nassor alikwenda Uswidi kusomea uhandisi. Siku ya kuondoka, katika uwanja wa ndege wa Seeb, mbele ya watu, mama alimshika mabega akamwambia, "Mkono mtupu haulambwi, Nassor. Usinirudie bila ya ile karatasi." Ni maneno ambayo mama yeyote angeyasema. Watoto wangapi wameambiwa hivyo hivyo, wakacheka, wakapanda ndege zao? Nassor naye alicheka. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili simu zikaanza kuruka wiki, kisha mwezi, kisha zikakatika kabisa. Tukipiga sisi, mwanamke wa Kiswidi aliyerekodiwa alitujibu kwa upole maneno tusiyoyajua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kila mara, kwa sababu yule mwanamke, kwa hesabu ya mama, alikuwa karibu na mwanawe kuliko sisi.

Jirani yetu alikuwa Bi Zuwena, aliyezaliwa mtaa mmoja na mama huko Unguja, mwanamke wa maneno mengi na mkono wa chumvi nyingi. Alasiri moja nilikuwa stoo natafuta unga nikawasikia wote wawili jikoni. Bi Zuwena alikuwa akimenya thomu.

"Ulaya inameza, shoga," alisema. "Nnakwambia nlivyoona kwa macho yangu. Mtoto anakwenda na akili zake, anarudi hata jina lake halijui."

"Wangu hajamezwa," mama alisema.

"Kwani nimesema wako?"

"Wangu kakasirika. Masomo yamemshinda, moyo wangu unanambia, na mie nimeshamfungia mlango kwa ulimi wangu mwenyewe pale uwanjani. Sasa atarudi vipi?"

Bi Zuwena alirudi kwenye thomu zake. Nilisikia kisu chake tu juu ya ubao. Nilibaki stoo na bakuli la unga mkononi mpaka walipobadilisha mazungumzo, na ndipo nilipojua kuwa mama yangu hakuwa akimngojea Nassor kama wanavyongojewa wasafiri. Alikuwa akingoja kusamehewa.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo wanangu hulicheka. Kabla ya simu kuwa rahisi, jamaa waliogawika baina ya Unguja na Maskati walitumiana kaseti za salamu. Mtu hukaa mbele ya redio, akarekodi: shikamoo, khabari za siku nyingi, watoto hawajambo? Na baada ya kila swali hunyamaza. Ule unyamavu ndio adabu yenyewe. Ni nafasi unayomwachia mwenzako, atakayekusikiliza mwezi mwingine katika nchi nyingine, apate kukujibu. Na sisi tulijibu kweli. Kaseti ikifika, jirani huitwa, kahawa na haluwa huletwa, watu huketi mkekani, na sauti ya mama mkubwa kutoka Malindi ya Unguja ikiuliza, "Nyote wazima?" chumba kizima huitika, "Wazima, alhamdulillahi." Naye, kama aliyetusikia, huendelea. Mama alikuwa hodari wa kupima nafasi hizo. Aliyesema mfululizo bila ya kunyamaza alimwita khatibu, na kaseti yake haikumaliziwa. Msemaji alijaza upande mmoja tu. Upande wa pili uliachwa mtupu kwa majibu, na kaseti ile ile ikarudishwa na msafiri wa kwanza. Wanangu huniuliza kwa nini tulikuwa tukimjibu mtu asiyetusikia. Huwaambia wangojee wakue.

Bahasha ya Nassor ilikuja joto lilipoanza kupungua, kwa sanduku la posta la kliniki ya meno nilikoajiriwa kupokea wagonjwa. Niliujua mwandiko wake kabla ya kuigusa. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na santuri moja, zile ndogo za kung'aa tulizoziita sidii. Jalada lake jeusi, maandishi yamesokotana kama mizizi iliyong'olewa. Nilikaa kuyasoma kwa subira. Ulikuwa mkusanyo wa bendi za Uswidi, nyingi ajabu kwa santuri moja, zote za muziki uitwao graindkoo, neno ambalo sikuwahi kulisikia. Nyuma, kwa herufi ndogo kama za chupa ya dawa, kila bendi imeandikiwa watu wake: ngoma, gita, besi, sauti. Na kwenye mstari mmoja katikati: Nassor, sauti. Niliusoma mstari ule mpaka mgonjwa akanigongea meza. Kaka yangu yu hai, na amekuwa mwimbaji. Sikujua kama hilo la pili ni afadhali au ni balaa jingine.

Mama hakulia nilipompa. Aliipokea santuri kwa mikono miwili, akaenda kuoga, akavaa kanga mpya, akanituma nimwite Bi Zuwena na nitoe haluwa. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua limeingia ukumbini mpaka nusu ya mkeka. Aliketi karibu na redio yangu, iliyopiga kaseti na sidii, miguu ameikunja, akaniashiria nianze. Nilijua anavyoingojea: kama kaseti. Nilitaka kumwambia kitu, lakini mimi mwenyewe sikujua kilichomo, basi nikabonyeza.

Kilichotoka sijui nikieleze vipi kwa asiyekijua. Kulikuwa na jirani anajenga, na kutwa nzima mashine yake ya zege ilisaga kokoto. Mtie mtu ndani ya mashine ile, naye awe ananguruma. Bi Zuwena alijishika kifua. "Yarabi, redio imeripuka!" Nikanyoosha mkono kuizima. Mama akaukamata.

"Mwache aseme," alisema.

Na kabla sijajua la kufanya, kelele zikakatika ghafla. Kimya. Mama aliinama mbele, akasema kwa sauti ile ile aliyozijibia kaseti zote za maisha yake, "Labeka, mwanangu." Kelele zikaanza tena, zikaenda muda wa kumeza tonge, zikakatika. "Nnakusikia, baba. Sema." Zikaanza, zikakatika. "Sisi wazima, alhamdulillahi. Weye je?"

Hapo nikafahamu. Nyimbo za santuri ile zilikuwa fupi kupita kiasi, nyingine hata pumzi tatu hazifiki, na baina ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kidogo, kama ilivyo katika santuri yoyote. Mama hakuzihesabu kuwa nyimbo. Alisikia mtu anayesema, kisha ananyamaza apewe jibu, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuacha nafasi nyingi kiasi kile. "Kalelewa huyu," alimnong'oneza Bi Zuwena, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mama," nilisema, "hizo ni nyimbo."

"Nyimbo?" Hakunigeukia. "Nyimbo gani za mkupuo mmoja? Nyimbo, fidla ya mwanzo peke yake mpaka wali unawiva. Nyamaza, anasema tena."

Kwa mtu aliyelelewa na taarabu hoja hiyo haikuwa na pa kuivunjia. Mama akawajibu Waswidi wote, mmoja baada ya mwingine, wasiokuwa wanawe, walionguruma kwa mambo yao wenyewe. Akawaombea afya, akawaambia nyumba mpya ina upepo mzuri, akawauliza huko wanakula nini. Ningecheka kama si uso wake. Leo, nikikumbuka, sioni cha kuchekesha hata kidogo. Nimeishi na watu wanaosema maneno fasaha na hawajibiwi, na nimemwona mama yangu akiwajibu watu waliokuwa hawasemi neno.

Katikati ya santuri alishtuka. Kabla ya kelele za zamu ile kuanza, ilisikika pumzi: mtu anavuta hewa kwa pua, na mwisho wa pumzi pana mkwaruzo kidogo. Nassor aliugua pumu utotoni, na mama alimlea kwa kuusikiliza mkwaruzo ule. "Huyu," alisema. "Wale wengine siwajui, lakini huyu ndiye." Nilitazama namba kwenye redio, nikatazama jalada. Alikuwa yeye. Kisha Nassor akapiga ukelele, mkali, mrefu kuliko wa wenzake, kama wa mtu anayechunwa ngozi, nao ukakatika. Ikaja nafasi yake. Mama alifungua kinywa na neno halikutoka. Nafasi ikapita, bendi nyingine ikaingia, na yeye kinywa bado ki wazi.

"Zima," alisema mwishowe. "Mmemsikia? Kakasirika. Mtoto halii vile ila kwa mamake."

Bi Zuwena alimsogezea kikombe cha kahawa.

Tokea siku hiyo mama aliusikiliza ukelele ule kila alasiri. Nilimfundisha kuitafuta namba, akawa anaipata mwenyewe. Bi Zuwena alikuwa na hakika pana jini. Alikuja na mrashi wa marashi mawaridi akainyunyizia redio huku akisoma Ayatul Kursi, na nilipomwambia kuwa majimaji yataiua redio kabla ya kumtoa jini, akaninyunyizia na mimi. Mama alipika kama kawaida, nguru wa kupaka, maharage ya nazi, mkate wa kumimina uliotoboka vizuri, kisha akakaa kunitazama nikila. Alikonda mpaka bangili zikamfika kiwiko. Na swali lake lilikuwa moja. "Anasema nini? Niambie, weye unajua Kiingereza." Nikamwambia si Kiingereza. "Basi tafuta Mswidi."

Mswidi alipatikana, maana meno yanamuuma kila mtu. Alikuwa mke wa mhandisi mmoja, mama wa makamo, mgonjwa wetu. Nilimwomba asikilize, nikampa visikizio, na akafumba macho akasikiliza mara mbili. Mara ya kwanza alitaka kucheka. Akaniona nilivyo, akaacha. "Hata sisi hatuwafahamu hawa," aliniambia kwa Kiingereza. "Hamna maneno mle, binti. Ni sauti tu. Ndivyo wanavyotaka iwe." Njia nzima ya kurudi, teksi inapinda baina ya milima ya Wadi Adai, nilitunga uongo wa kumpelekea mama: kwamba Nassor anasalimia, kwamba anasema amemkumbuka. Uongo ulikuwa mzuri. Nilipoingia nikamkuta anapepeta mchele, na sikuweza.

"Hamna maneno, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ni sauti tu."

Aliendelea kupepeta. Nilidhani nimemmaliza. Kisha akaweka ungo chini, akafuta mikono.

"Basi hajasema kitu," alisema. "Kaniita tu. Anangoja niseme mie."

Kesho yake akanituma kaseti tupu. Alirekodi chumbani kwa Nassor, amekaa juu ya kile kitanda, na mimi nimesimama mlangoni kwa sababu alisema nikikaa karibu ataona haya. Nakumbuka alivyojisafisha koo. Nakumbuka alivyoishika redio kwa mkono mmoja, kama mtu anayemshika mtoto asianguke.

"Nassor. Mamako huyu." Akanyamaza. "Santuri yako imefika. Tumeisikiliza, mie na nduguyo na Bi Zuwena. Na rafiki zako nimewajibu wote, uwaambie." Akanyamaza. "Unakula?" Nafasi hiyo ilikuwa ndefu, ya mtu kutaja vyakula vyote vya siku. Kisha sauti yake ikashuka. "Nlikwambia neno pale uwanjani. Nlisema mkono mtupu haulambwi." Nikasikia nailoni ikilia. "Rudi na mkono mtupu, mwanangu. Ntaulamba hivyo hivyo."

Akanyamaza tena, na safari hii hakuendelea. Nilingoja, nikadhani amekwisha, nikapiga hatua kwenda kuizima. Aliniinulia kiganja nisimame. Alikuwa akitazama mkanda unavyozunguka, na aliuacha uzunguke, kimya, mpaka ukafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe. Upande ule wote uliobaki alimwachia Nassor. Ndipo akaniambia niandike juu ya kaseti: Upande wa pili ni wako.

Niliituma kwa anwani iliyoandikwa nyuma ya bahasha ya santuri, na kaseti haikurudi. Ramadhani iliingia na baridi yake ndogo, tukawa tunakunja sambusa kila alasiri, na mama hakuitaja. Siku moja teksi ikasimama nje. Bi Zuwena, aliyekuwa karibu na dirisha, alitoa sauti tu. Nassor alikuwa mlangoni na mkoba mdogo begani, amekonda, nywele zimemfika mabegani, anatutazama kama mtu aliyekosea nyumba. Karatasi hakuwa nayo; alilisema hilo kwanza, kabla ya salamu. "Mama, sina kitu." Mama aliinuka na unga mikononi. Hakumkumbatia. Alimshika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akaulamba, mbele yetu sote, kama alivyoahidi.

"Shoga, saumu!" Bi Zuwena alipiga kelele.

"Saumu anaijua Mwenyewe aliyeifaridhisha," mama alisema, na hapo tena akalia.

Tulipokwisha kufuturu, Nassor alitoa kaseti mkobani. Alisema upande wake ameshaujaza tokea wiki ile aliyoipokea. Alikuwa njiani kuipeleka posta, akaona haya kutuma sauti na miguu anayo. Nilikwenda kuleta redio. Mama akanirudisha. "Aliyepo hasikilizwi kwa kaseti," alisema. "Kisirani hicho. Iweke, baba. Tutaisikiliza siku tusipokuwa pamoja." Kisha akampeleka kulivua godoro nailoni.

Alirudi Uswidi baada ya Idi, kwa radhi ya mama safari hii, na kaseti akaichukua kwa kuwa upande mmoja una sauti ya mama. Bendi yao ilikuwa imeshavunjika kabla hata ya santuri kutufikia. Alinieleza kuwa marafiki wa bweni walikuwa wakitafuta mtu wa sauti. Akawaambia hajui kuimba, wakamwambia ndiyo wanayemtaka. Leo anaendesha treni za mjini, ana watoto wanaosema Kiswahili cha kuvunjika, na kila miaka miwili alikuja. Simu zikawa rahisi, wakawa wanaonana usoni kwenye kioo cha simu kila Ijumaa. Mama alimtania, "Upande wako wa pili upo?" Naye alijibu, "Upo, Mama." "Haya, uhifadhi." Lakini lile swali la ukelele hakumuuliza kamwe, na Nassor hakulisema. Mama alikuwa ameshaulamba mkono. Kwa tabia yake, kuuliza baada ya hapo ni kumdai mtu aliyekwisha kurudi. Mara moja tu, miaka ya mwisho, nikimsuka, aliniambia, "Ule ukelele sijui alikuwa akimlilia nani." Nilimwambia amuulize. Akasema nisuke taratibu, namvuta.

Basi siku ile ya tatu ya matanga, mikeka ilipokwisha kukunjwa na watu kuondoka, niliishusha redio juu ya kabati. Bi Zuwena alikuwa bado amekaa ukumbini. Macho yake yameingia ukungu, miguu haimchukui, na alikuwa amekataa kupelekwa kwao kabla ya magharibi. Jua lilikuwa limeingia mpaka nusu ya sakafu. Nassor alitoa kaseti mfuko wa shati. Upande wa mama alisema anaujua kwa moyo. Akatia wa pili, akabonyeza.

Ilitoka sauti ya kijana mwenye mafua. "Shikamoo, Mama." Kisha kimya. Nafasi aliyoiacha ilikuwa imepimwa barabara, kama ya mama mwenyewe, na katika chumba kile hakukuwa na wa kuijaza. Tuliisikia ikipita. "Mama, mimi sijambo." Kimya tena. Nassor aliinama, uso umemkunjika, akanyoosha mkono kuizima.

"Mwache aseme," alisema Bi Zuwena.

Mkono ukarudi. "Masomo nimeacha. Naosha vyombo mkahawani. Nakula, usiwe na wasiwasi." Kimya. Bi Zuwena aliusogeza mwili wake mzito mpaka karibu na redio, akajitengeneza kanga kichwani. "Ile santuri nilikuletea ujue nipo. Kila nikishika kalamu nilikosa la kuandika. Nikasema utanijua kwa sauti." Kimya. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ukaya wa kichwani. Halafu mkandani ikasikika pumzi, ile ile, hewa inavutwa kwa pua na mkwaruzo mwishoni, na nikajitayarisha kwa ukelele. Haukuja. Ilikuja sauti ndogo.

"Sikukasirika na wewe, Mama. Hata siku moja. Nilikuwa naona haya tu."

Kisha akaacha nafasi, ndefu kuliko zote. Nassor alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Bi Zuwena aliinama mbele, macho yake yasiyoona yameelekea redioni, na akamjibu kama anavyojibiwa mtu wa mbali.

"Nnakusikia, baba," alisema. "Nlikusikia tokea siku ile. Njoo ule."